CHAKULA CHA ULAYA: MATUNDA YA KUPONDA KWA MTOTO ANAYEANZA KULA

SEHEMU YA 1: ULAYA IPI?

 Kina baba mnaosoma kimyakimya bila kusema kitu, karibuni, najua mpo.

Wengi mmekuwa mkiniuliza habari ya mtoto anayefikisha miezi sita, hasa matunda ya kuponda. Naanza na tunda gani? Lazima niwe na blenda? Vile vya kwenye vichupa vya dukani ni bora zaidi? Nimeona nisijibu mmoja mmoja. Tukae tuzungumze vizuri, sehemu kwa sehemu, mpaka tuelewane.

Kwa wale wageni, mimi ni nesi na nafanya kazi Ulaya. Tafadhali usinitumie orodha ya viatu na manukato. Ulaya yangu ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, ukiwa kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini. Ni Ulaya ya mahindi, ufuta na mibuyu, haina theluji. Nina shangazi mmoja ambaye mpaka leo nikimpigia simu anauliza baridi ya huko ikoje.

Tunacheka, lakini hilo jina limenifundisha kitu. Mama akija kliniki akasema "nampa chakula cha Ulaya", hata kama amezaliwa hapa hapa Ulaya, na nyanya yake amezikwa hapa hapa, anamaanisha kilichotoka mbali. Kilichofungwa vizuri, chenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Hamaanishi papai lililoiva nyuma ya nyumba yake. Papai hilo analiona ni la kuku na la watoto wanaotoka shule.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Na sisemi kwa kubahatisha, nimeiona kwenye mizani.

SEHEMU YA 2: KICHUPA KIMOJA, SIKU TATU

Alikuja mama mmoja kijana, uzazi wa kwanza. Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake nalihifadhi. Mtoto alikuwa na miezi saba na nusu. Alikaa kwenye benchi hadi wenzake wote wakaondoka, ndipo akanikabidhi kadi. Nikaelewa kwa nini alisubiri. Mstari wa uzito uliokuwa unapanda vizuri tangu kuzaliwa ulikuwa umelala mwezi uliopita, na mwezi huu umeshuka.

Nikamuuliza anakula nini. Akajibu kwa fahari kidogo kwamba wifi yake aliyeko Dar alimtumia vichupa vya matunda yaliyosagwa, vimekuja na basi mpaka Mikumi, mumewe akavifuata kwa pikipiki. Matofaa na mapea. Akifungua kimoja anampa vijiko viwili, anafunika, anaweka juu ya kabati. Kesho vijiko viwili tena. Kichupa kimoja kinakwenda siku tatu. Friji hana, na umeme haujafika kwake. Vilipobaki viwili akaona vitaisha upesi, akawa anachanganya na maji ili vivute siku.

Mtoto alikuwa anaharisha, anapata nafuu, anaharisha tena. Ule utepe wa kupima mzunguko wa mkono ulisoma njano.

Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Nesi, mimi ndiye ninayempa mtoto chakula kizuri kuliko wote hapa. Mbona wangu ndiye anayepungua?"

Jamani, mjibu mama huyo. Mvivu hakuwa, na hakuwa mzembe. Alijinyima kuonja hata kijiko kimoja ili mtoto asipungukiwe. Wifi naye alitoa hela yake kwa upendo. Hakuna mtu mbaya kwenye hii habari. Kulikuwa na joto la Kilosa, kijiko kilichotoka mdomoni kikarudi kwenye chupa, na rojo la matunda lililoongezwa maji mpaka nguvu yake ikapotea.

Tulimtibu kuharisha kwa ORS na vidonge vya zinki, akaambiwa anyonyeshe zaidi na zaidi, na tukampangia siku za kurudi kupimwa. Halafu nikamuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akafikiria, akasema, "Hakuna kitu, nesi. Kuna mapapai tu. Na miembe. Na kuku wa mama mkwe."

Hakuna kitu! Basi haya yote ninayoandika ni majibu niliyompa yeye, pamoja na mengine aliyonifundisha mwenyewe baadaye.

SEHEMU YA 3: HATA HICHO KICHUPA KILIANZIA JIKONI

Kabla sijaenda kwenye mapapai, nikusimulie kidogo, kwa sababu najua kuna mama anawaza: "Lakini ya dukani si imepimwa na wataalamu?"

Mwaka 1927 kule Fremont, jimbo la Michigan, Marekani, mama mmoja anaitwa Dorothy Gerber alikuwa jikoni kwake anamponda na kumchuja chakula binti yake mdogo, Sally. Kazi ilimchosha. Mumewe familia yao ilikuwa na kiwanda cha kusindika vyakula vya makopo, akamwambia, mbona nyie mna mashine, hii kazi isifanyike kiwandani? Mwaka 1928 makopo ya Gerber yakaingia sokoni. Unaona? Kiwanda kilichukua kazi ya mama jikoni kikaiweka kwenye kopo. Alichokuwa anafanya Dorothy na chujio lake ndicho unachoweza kufanya wewe leo na uma na bakuli.

Na kule Ulaya nyingine, ile ya ndege, wenyewe wameanza kuvikagua hivi vyakula. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilitoa taarifa ya vyakula vya watoto vya dukani katika miji minne: Vienna, Sofia, Budapest na Haifa. Katika miji mitatu kati ya hiyo, nusu ya bidhaa au zaidi zilikuwa na zaidi ya asilimia 30 ya nguvu yake inayotokana na sukari. Nyingine zilitangazwa kuwa zinamfaa mtoto ambaye hata miezi sita hajafika.

Sisemi kichupa ni sumu. Ukiwa safarini, ukafungua, mtoto akala, kilichobaki ukala mwenyewe au ukamwaga, hakuna neno. Ninachosema ni kwamba usione haya kwa sababu huna. Na usikopeshe kwa Mangi kwa ajili yake.

SEHEMU YA 4: KABLA YA KIJIKO CHA KWANZA

Miezi sita kamili. Kabla ya hapo ni ziwa la mama peke yake, hata maji hapana, hata kipindi cha jua kali la mwezi wa kumi na moja. Maziwa yako yana maji ya kumtosha.

Najua bibi atasema, "Sisi tuliwapa uji miezi mitatu na mmekua." Bibi usibishane naye. Mwambie, "Bibi, nesi amesema nikimuwahisha tumbo litamsumbua, naomba unisaidie kungoja." Ukimpa bibi kazi ya kukulinda, anakulinda kweli. Ukimwambia amepitwa na wakati, uji utapikwa ukiwa shamba.

Mtoto aliye tayari utamjua. Shingo imekaza. Anakaa ukimshikilia kidogo. Anakodolea macho tonge lako kama anakudai. Ukimwekea kitu mdomoni, ulimi hausukumi chote nje kama zamani. Kupeleka vidole mdomoni peke yake si dalili, hilo hufanya hata wa miezi mitatu.

Vyombo: bakuli lake mwenyewe, kijiko kidogo, uma wa kupondea, chujio, kikombe cha wazi cha maji. Blenda si lazima. Kinu kidogo na mchi vinatosha, ila kiwe cha kazi hiyo, kisiwe kile kilichotwangiwa pilipili jana. Chupa ya chuchu iache, ni ngumu kuisafisha na vijidudu vinapenda kujificha kwenye ile chuchu.

SEHEMU YA 5: MATUNDA YETU, MOJA MOJA

PAPAI. Hili ndilo la kuanzia kwa wengi wetu. Liwe limeiva, likibonyea kidogo kwa kidole. Lioshe zima kabla ya kukata, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani. Toa mbegu zote. Kwangua nyama kwa kijiko, ponda kwa uma. Halihitaji maji hata tone. Rangi yake ya chungwa inaonesha lina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza vitamini A.

EMBE. Msimu ukifika, Kilosa nzima inanuka embe, na mengine yanaozea chini ya mti. Halafu utamkuta mama ametoka Mikumi stendi na tofaa moja kwenye mfuko, amelinunua kwa hela ya dagaa wa siku mbili! Mama, hilo tofaa limesafiri kutoka mbali, ni gumu, mtoto hawezi kulila bila kuchemshwa, na vitamini A iliyomo haifikii ya embe lililokudondokea uani. Chagua embe lisilo na nyuzi nyingi, dodo au bolibo. Kama una lenye nyuzi tu, ponda kisha pitisha kwenye chujio, sukuma kwa mgongo wa kijiko.

NDIZI MBIVU. Iwe imeiva kweli, ganda limeanza madoadoa. Ponda kwa uma, ukitaka laini zaidi kamulia maziwa yako kidogo. Usishtuke ukiona choo cha mtoto kina vijinyuzi vyeusi kesho yake. Siyo minyoo wala siyo kijicho cha jirani, ni ndizi tu.

PARACHICHI. Likipita kwenye maroli ya kutoka Njombe na Mbeya, ukalipata Mikumi, nunua. Hili lina mafuta, na mafuta ndiyo nguvu. Katika matunda yote ninayokutajia, hili ndilo linaloshibisha tumbo dogo kwa vijiko vichache. Changanya na ndizi, mtoto atakukumbuka.

CHUNGWA. Halipondwi vizuri, lina ngozi na kokwa. Tumia maji yake vijiko viwili vitatu, kamulia kwenye chakula au mpe pamoja na mlo wa maharage. Sababu nitaieleza sehemu ya 7. Usilifanye juisi ya kunywa kikombe kizima. Mtoto wa chini ya mwaka hahitaji juisi, ikimjaza tumbo ataacha kunyonya.

TIKITI. Tamu, baridi, lakini kwa sehemu kubwa ni maji. Toa mbegu, mpe kidogo kama burudani wakati wa joto. Usilihesabu kama mlo.

UBUYU. Tuna mibuyu, tusiisahau. Unga mweupe wa ubuyu una vitamini C nyingi. Koroga kijiko kidogo kwenye uji ulioipuliwa na kupoa kidogo, kwa sababu moto unaiua hiyo vitamini. Ninazungumzia unga uliotwangwa na kuchekechwa nyumbani. Ule ubuyu mwekundu wa kumung'unya una sukari na rangi, na kokwa zake zinakaba. Mtoto mdogo asipewe.

BOGA NA VIAZI LISHE. Najua si matunda ya mezani, ila mtoto hajui hilo. Chemsha kwa maji kidogo, ponda. Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani ni rafiki mkubwa wa macho na kinga ya mtoto.

Chakula kipya mpe kimoja kimoja, siku mbili tatu, ndipo uongeze kingine. Kikimletea vipele au kuharisha utakijua mara moja. Na akikunja uso siku ya kwanza, haina maana hapendi. Mpe tena kesho, na keshokutwa. Kuna watoto wanahitaji kuonja mara nane, hata kumi, ndipo wakubali. Hata wewe bamia hukuipenda mara moja.

VITU VYA KUKAA MBALI: sukari na chumvi, havihitajiki. Asali, hata ya nyuki wadogo, hata iwe dawa ya kifua, hapana mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga na kumzuia kupumua. Chai ya rangi na soda, hapana. Karanga nzima, vipande vigumu vya tofaa na zabibu nzima, hapana, vinakaba.

SEHEMU YA 6: USAFI, NA SIRI YA GANDA

Hapa ndipo yule mama wa vichupa alipoumia, kwa hiyo soma taratibu.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuandaa, na tena kabla ya kulisha. Kama huna bomba, kibuyu chirizi kinatengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti, baba anakimaliza kabla ya mechi kuanza. Nawisha na mikono ya mtoto, kwa sababu ataingiza mkono kwenye bakuli, utake usitake.

Chakula kilichopondwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kwetu huku mchana ukiwa mkali, hata hizo saa mbili usizimalize. Andaa kidogo, akale kiishe. Kilichobaki kwenye bakuli alilolia hakirudi kwenye kabati, kimeshachanganyika na mate. Mpe kaka yake, au ule wewe. Wewe pia unanyonyesha, unahitaji.

"Sasa nesi, nikimpondea vijiko vitatu, papai zima litakwenda wapi?" Swali zuri, na jibu alinipa yule mama mwenyewe. Alirudi akaniambia: "Nimegundua embe lina mashavu mawili. Asubuhi nakata shavu moja, jioni la pili. Ndizi naivunja kati, nusu inabaki na ganda lake." Akili hiyo! Ganda ndilo kifungashio. Kipande kilichobaki kifunike dhidi ya nzi, weka mahali penye ubaridi, na jioni kabla ya kukitumia kata ile sehemu ya juu iliyokuwa wazi uitupe. Papai kubwa ndilo mlo wa nyumba nzima siku hiyo, hakuna hasara.

Mwenye friji anaweza kuponda ya siku moja akaweka kwenye chombo chenye mfuniko, akachota ya mlo mmoja tu kwa kijiko safi. Ila umeme ukikatika usiku kucha, usimpe.

Na lile la kumtafunia mtoto halafu kumpa, bibi zetu walilifanya kwa mapenzi kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kulainisha. Wewe una uma. Vijidudu vya mdomo wa mtu mzima tuvibakize kwa mtu mzima.

SEHEMU YA 7: TUNDA SI MLO

Hii ndiyo sehemu ambayo ukisahau mengine yote, naomba uikumbuke.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tunapungua, lakini taratibu. Na udumavu hauji kwa kishindo. Mtoto anacheza, anacheka, anaitwa "ana mwili mdogo kama baba yake". Wengi huanza kurudi nyuma kipindi hiki hiki cha miezi 6 hadi 24, wakati maziwa peke yake hayatoshi na chakula kinachoongezwa ni chepesi mno.

Mtoto wa kilo 8, tumbo lake kwa mlo mmoja linabeba kama mililita 240 tu. Hicho si kikombe kikubwa. Ukilijaza tikiti, uji wa maji au rojo la tofaa lililozimuliwa, limejaa lakini halijapata kitu. Ndiyo maana nasema chakula kiwe kizito. Ukikichota kwa kijiko ukainamisha, kisimwagike kama maji.

Jambo la pili ni damu. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini chuma, na inapofika miezi sita akiba hiyo inakaribia kwisha. Matunda hayana madini chuma ya kutosha. Yanayohitajika ni maini, nyama, samaki, kiini cha yai, maharage, mboga za kijani. Hapa ndipo tunda linafanya kazi yake ya kweli: vitamini C ya chungwa, papai na embe inausaidia mwili kuyafyonza madini chuma ya maharage na mchicha. Chai hufanya kinyume chake. Kwa hiyo maharage yaliyopondwa na papai pembeni ni ndoa nzuri. Maharage na chai ni talaka.

Kwa hiyo siku ya mtoto wa miezi sita mpaka nane inaweza kuwa hivi: ananyonya alfajiri na kila anapotaka, usiku pia. Asubuhi uji mzito wa lishe wenye kijiko cha unga wa dagaa au karanga zilizosagwa laini. Mchana ugali laini, wali uliopondwa au kiazi, na maharage au yai lililoiva vizuri, na papai pembeni. Mtoto anaanza na vijiko viwili vitatu, anaongezeka mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mara tatu hadi nne, na hapo tunda linaweza kuwa kitafunwa kati ya mlo na mlo.

Dagaa: toa vichwa, osha mchanga, anika, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha. Karanga: chagua moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, hata kuku usimpe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha.

Yule mama wa vichupa alianza na yai. Ilibidi amwombe mama mkwe. Alikuwa anaogopa, maana kuku ni wake na mayai ni ya kuuza. Mama mkwe alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe kwa mjukuu wangu unaomba?" Tangu siku hiyo yai liliwekwa pembeni bila kuombwa.

SEHEMU YA 8: MKONO UNAOLISHA

Mwisho, tuzungumze habari ya kulisha kwenyewe.

Mtoto akae wima, mtazamane. Usimlaze chali ukammiminia. Usimzibe pua ili ameze. Mpe kijiko, ngoja, ongea naye. Akigeuza uso, pumzika, jaribu tena baada ya dakika chache. Akifunga mdomo kabisa, amekwambia ametosheka, na hilo ni neno lake la kwanza ambalo anataka ulisikie.

Atafanya kama anataka kutapika, atatoa ulimi, macho yatatoa machozi kidogo. Huko ni kujifunza kumeza. Ukimwona anakohoa na kutoa sauti, mwache akohoe, mwangalie tu. Ila akinyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa, anabadilika rangi, hapo amekabwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, mpige mgongoni katikati ya mabega mapigo matano, huku mwenzio anatafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Rojo laini siyo la kudumu. Kufikia miezi minane ponda kwa kukwaruza tu, acha vibonge vidogo laini. Mtoto anayefika miezi kumi hajawahi kukutana na kibonge, mara nyingi anasumbua kula baadaye. Blenda ikizoeleka sana humnyima mtoto kazi ya kutafuna.

Akiumwa, usikatishe chakula wala ziwa. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Lakini ukiona hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, anapata degedege, macho yameingia ndani au choo kina damu, hayo si ya kuuliza kwenye simu wala ya kungoja asubuhi. Nenda kituo cha afya muda huo huo. Na matone ya vitamini A kuanzia miezi sita, na chanjo ya surua na rubela miezi tisa, hakuna papai linaloviziba nafasi.

Kina baba, kuponda papai hakuhitaji maziwa ya mama. Mkono wowote ulionawa unaweza. Nimemwona baba mmoja hapa, dereva wa bodaboda, anampondea binti yake ndizi akiwa bado na jaketi lake, na mtoto anamfungulia mdomo baba yake kwa haraka kuliko anavyomfungulia mama. Mama anakunja uso, lakini amepata nafasi ya kuoga.

Wale mnaotaka kujua: yule mtoto mstari wake ulianza kupanda polepole. Haukuruka. Mwezi wa kwanza gramu chache, wa pili zaidi kidogo. Mama yake sasa hangoji wenzake waondoke. Anakaa mbele, na mama mgeni akiuliza pale kwenye benchi aanze na nini, ananiwahi kujibu.

Kama una mtoto wa miezi mitano, usitafute kwanza pesa ya vichupa. Zunguka nyumba yako jioni hii na uangalie kipi kipo, kipi kinaiva mwezi ujao, na jirani ana mti gani ambao matunda yake yanaanguka bure. Andika. Njoo na hiyo karatasi kliniki, tutaipangilia pamoja na kadi ya mtoto mkononi.

Sehemu ijayo tutazungumza juu ya unga wa lishe: kwa nini kuchanganya nafaka saba si lazima kuwa bora kuliko mbili. Mtumie mama mmoja hii unayemjua anayejiandaa. Nawatakia usiku mwema kutoka Ulaya. Huku leo kuna joto.